Uwatu uuzwe kwa kipimo na kwa maelezo ya kweli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie uwatu, mbegu ambayo kwa miaka mingi hapa Mbeya ilikuwa ikiulizwa na kaya chache zenye asili ya pwani, Uarabuni au India, na ambayo sasa imeenea kila mahali, kuanzia meza za viungo za Mwanjelwa na Uyole hadi kwa vijana wanaotembeza bidhaa mkononi katika stendi za Mbalizi, Makambako na Ipogolo. Mimi ni muuza viungo na uwatu ni sehemu ya riziki yangu, kwa hiyo siandiki kwa nia ya kuukashifu. Ninaandika kwa sababu mbegu ile ile ninayompimia mteja kwa kijiko kwa ajili ya achari, mwenzangu wa meza ya jirani humuuzia mwingine kwa kopo kwa ajili ya kuharakisha uchungu wa uzazi, na hakuna kati yetu anayelazimika kumweleza mnunuzi kwamba kijiko na kopo ni mambo mawili tofauti. Ombi langu kwa wahusika ni kwamba anayeuza uwatu kama chakula auuze kama chakula, na anayeuuza kama dawa abanwe na masharti ya dawa, yaani kipimo, onyo na jina lake mwenyewe juu ya pakiti.

Kwa wasioufahamu vizuri, uwatu ni mmea mdogo wa jamii ya kunde, ndugu wa maharage, njegere na karanga, unaokua kufikia takriban nusu mita na kutoa maganda membamba marefu yenye mbegu kumi hadi ishirini hivi. Mbegu yake ni ngumu, ina rangi ya kahawia inayoelekea manjano, na upande mmoja ina mfuo unaoikata kwa mshazari, alama ambayo huwaonyesha wateja wangu wanaotaka kuwa na hakika na wanachonunua kabla hakijasagwa, kwa kuwa ukishakuwa unga ni vigumu kwa mtu wa kawaida kujua umechanganywa na nini. India ndiyo inayozalisha uwatu mwingi kuliko nchi nyingine yoyote, hasa katika jimbo la Rajasthan, na magunia ninayoletewa kutoka kwa wauzaji wa jumla wa Dar es Salaam hutoka huko. Wahabeshi huuita abish na huutia katika mchanganyiko wao wa pilipili uitwao berbere. Wamisri huuchemsha wakaunywa kama chai. Na katika kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa mwaka 1922 baada ya kukaa zaidi ya miaka 3,000, mbegu za uwatu zilikutwa miongoni mwa vitu alivyozikwa navyo mfalme huyo. Ni mbegu iliyozoeleka kwa binadamu, na mazoea hayo ya kale yamejengwa zaidi jikoni kuliko kwenye chupa za dawa.

Jikoni ndiko ambako sisi wa Nyanda za Juu Kusini bado hatujautendea haki. Mteja mgeni huuonja ukiwa mbichi, akakunja uso kwa uchungu wake, akaurudisha. Uwatu mbichi ni mchungu kweli, na dawa ya uchungu huo ni moto mdogo na subira. Weka kijiko kimoja cha chai cha mbegu katika kikaango kikavu, juu ya jiko la mkaa ambalo makaa yake yameanza kufifia, na usiondoke hapo. Mwanzoni hutasikia kitu. Baadaye mbegu huanza kurukaruka, rangi yake ya manjano hukolea, na jikoni hupanda harufu ya sukari iliyoungua ambayo hata mtoto aliye sebuleni ataiulizia. Hapo ndipo pa kuepua, na kuepua maana yake ni kuzimimina mbegu kwenye sahani, kwa sababu ukiziacha ndani ya kikaango cha moto zitaendelea kukaangika zenyewe hadi ziwe nyekundu iliyoiva, na uwatu uliofika hapo huwa mchungu kuliko ule mbichi na hakuna chumvi wala ndimu itakayouokoa. Zikipoa, zitwange pamoja na bizari nyembamba na mbegu za giligilani, nawe utakuwa na kiungo kinachoufaa mchuzi wa mbasa au usipa kutoka Kyela, maharage ya Uyole, au dengu. Kwenye achari ya ndimu au ya maembe mabichi, uwatu uliotwangwa nusunusu pamoja na haradali ndio unaoipa achari ule uchungu wa nyuma unaomfanya mlaji arudie. Sufuria ya mboga ya watu sita inatosheka na kijiko kimoja cha chai. Wanaozidisha wakidhani wanaongeza utamu huishia kuilaumu mbegu.

Majani yake nayo ni mboga. Wahindi huyapika na viazi mviringo, na sijui ni mahali gani nchini pana haki zaidi ya kupika chakula hicho kuliko hapa, ambako viazi vya Umalila na Uporoto hupita mbele ya milango yetu kwa malori. Wayemeni wana namna yao ambayo wachache hapa huijua: huloweka unga wa uwatu kwa saa kadhaa, humwaga maji ya juu yaliyobeba uchungu mwingi, kisha huupiga kwa mkono hadi uvimbe na kuwa povu jeupe, ndipo huuweka juu ya mchuzi wa nyama unaochemka. Anayejaribu kwa mara ya kwanza hushangaa kuona unga ule umegeuka kuwa kitu kinachoteleza kama mlenda. Mtelezo huo naomba msomaji aukumbuke, kwa maana ndani yake ndimo uliko ukweli mwingi kuhusu uwatu na kisukari.

Kuhusu virutubisho, nitasema kwa ufupi. Gramu 100 za mbegu za uwatu zina takriban gramu 23 za protini, gramu 25 za nyuzinyuzi na miligramu 33 za madini ya chuma, na takwimu hizo ndizo zinazonakiliwa kwenye pakiti na kwenye matangazo ya simu ili kuwaambia watu kwamba uwatu huongeza damu. Hakuna anayekula gramu 100 za uwatu kwa siku. Kijiko cha chai kina uzito wa karibu gramu 4, kwa hiyo chuma chake ni miligramu moja na kidogo, tena ni chuma cha mimea ambacho mwili hukifyonza kwa kiasi kidogo, ilhali mama mjamzito huhitaji takriban miligramu 27 kwa siku. Mwenye upungufu wa damu aende kliniki akapimwe na apewe vidonge vyake, kisha uwatu autie kwenye mchuzi.

Sasa nije kwenye kisukari, jambo linaloniletea wateja wengi kuliko achari. Sipendi kuwaambia watu kwamba wamedanganywa moja kwa moja, kwa sababu hapa pana kitu. Ule mtelezo niliousema hutokana na aina ya nyuzinyuzi ambazo wanasayansi huziita galaktomanani, nazo zikiingia tumboni pamoja na chakula hufanya ujiuji mzito unaochelewesha wanga kuvunjwa na sukari kuingia katika damu. Mbegu hii pia ina asidi amino (chembe zinazojenga protini) isiyo ya kawaida ambayo katika maabara imeonyesha kuchochea utolewaji wa insulini. Zipo tafiti kwa wagonjwa, nyingi zikiwa zimefanyika India na Irani, ambazo zilionyesha sukari ya asubuhi kabla ya kula ikishuka kwa kiasi fulani. Lakini tafiti hizo kwa sehemu kubwa zilihusisha watu wachache, na vipimo vyake vimetofautiana mno, kutoka gramu 5 hadi gramu 100 za unga kwa siku, kiasi kwamba muuzaji wa sokoni anayemwambia mgonjwa atumie vijiko viwili asubuhi na viwili jioni huwa amekitunga kipimo hicho mwenyewe. Isitoshe, wagonjwa wengi waliochunguzwa waliendelea na matibabu yao ya kawaida. Hawakuambiwa watupe dawa.

Hatari ninayoiona mimi ina sura mbili. Ya kwanza ni mgonjwa anayeacha metformini, dawa yake ya kisukari, kwa sababu ameambiwa kwamba kilicho cha asili hakina madhara, akaendelea na ugali wake mkubwa wa mchana na wali wa Usangu usiku, kisha akawa anamalizia na kikombe cha uwatu. Huyo hajisikii vibaya kwa wiki kadhaa, na ndiyo maana humsifu aliyemuuzia, wakati sukari inaendelea kuharibu macho, figo na mishipa ya miguu yake kimyakimya. Ya pili ni yule anayezidisha uwatu huku akimeza glibenklamidi au akichoma insulini. Dawa hizo zina nguvu ya kuishusha sukari chini ya kiwango salama, na kitu kingine kinachoishusha kikiongezwa juu yake bila daktari kujua, mtu anaweza kuanza kutetemeka, kutokwa na jasho la baridi, kupata kizunguzungu na hata kupoteza fahamu. Mwenye kisukari anayetaka kutumia uwatu zaidi ya ule wa kwenye mboga amweleze mhudumu wake wa kliniki ya kisukari, aseme kiasi gani na saa ngapi, na apime sukari yake mara nyingi zaidi ya alivyozoea. Mhudumu naye asimkaripie, kwa kuwa anayekaripiwa leo hatasema kitu keshokutwa.

Lakini linaloninyima usingizi ni suala la wajawazito. Si muda mrefu uliopita alikuja binti mmoja mezani kwangu, tumbo likiwa limeshasogea mbele, kanga imefungwa juu ya matiti kama wanavyofunga wenye ujauzito mkubwa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nikupatie nini?”

“Mama mkwe amenituma uwatu wa kuchemsha. Amesema nusu kilo.”

Nilimuuliza ana miezi mingapi, akasema wa nane. Nikamuuliza kama kliniki wanajua, akatazama chini akasema kwamba huko hawakuulizwa. Nilimwambia amrudishie mama mkwe salamu zangu za heshima, na amwambie kwamba muuza viungo amekataa kuuza hadi mkunga aseme. Alinishukuru kwa adabu, akasogea meza iliyofuata, na nikamwona akiondoka na kifurushi cha gazeti mkononi. Mwenzangu hakumuuliza kitu, na kwa mujibu wa taratibu zetu za soko hakuwa na kosa lolote.

Uwatu kwa kiasi cha kwenye chakula haujulikani kuwa na tatizo kwa mjamzito, na sitaki mtu asome barua hii akaogopa kula mchuzi. Tatizo ni ule unaochemshwa kwa wingi na kunywewa kwa makusudi ya kuusukuma mfuko wa uzazi. Majaribio kwa wanyama yameonyesha kwamba viambato vya mbegu hii vinaweza kuuchochea mfuko huo kubana, na ndiyo sababu ushauri unaotolewa kwa kawaida ni mjamzito asitumie uwatu kwa kiwango cha dawa. Uchungu unaoanza kabla ya wakati huleta mtoto njiti. Na mama aliyewahi kujifungua kwa upasuaji anaposukumiwa uchungu na kitu kisichopimika, kovu lake linaweza kuachia. Hospitalini dawa za kuanzisha uchungu hutolewa kwa kipimo, mama akiwa kitandani na mapigo ya moyo wa mtoto yakisikilizwa, na wauguzi wakiwa tayari kwa upasuaji. Kikombe cha uwatu kilichochemshiwa nyumbani, mbali na kituo cha afya, katika msimu wa mvua ambao barabara za Rungwe na Ileje hazipitiki kwa urahisi, hakina lolote kati ya hayo.

Baada ya kujifungua, mambo ni tofauti kidogo. Uwatu kwenye uji au supu ya mzazi ni desturi ya zamani ya pwani iliyopanda mlima na kufika kwetu, na wanawake wengi husema maziwa yao yaliongezeka. Tafiti chache zimeunga mkono jambo hilo, nyingine hazikuona tofauti, na zote ni ndogo. Kinachojulikana kwa hakika ni kwamba titi hutengeneza maziwa kwa kadiri linavyonyonywa, kwa hiyo mama anayempa mtoto titi mara kwa mara mchana na usiku, akala vizuri na kunywa vya kutosha, ndiye mwenye maziwa. Uji wake ukiwa na kijiko cha uwatu, sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na wale wanaomnywesha mtoto mchanga mwenyewe maji ya uwatu kwa ajili ya tumbo, wakati ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza.

Kuna jambo moja hapa ambalo wauguzi wa wodi za wazazi wangependa kulijua, kama bado hawajalijua. Kile kiambato kinachotoa harufu ya sukari iliyoungua kwenye kikaango, kiitwacho sotoloni, hupita mwilini bila kupotea, kikatoka katika jasho na mkojo wa aliyekunywa uwatu mwingi. Mama akiunywa karibu na kujifungua, mtoto naye huzaliwa akinukia hivyo. Zimewahi kuandikwa taarifa za kitabibu za watoto wachanga walioshukiwa kuwa na ugonjwa adimu wa kurithi, ambao mwili hushindwa kuvunja aina fulani za asidi amino na mkojo hunukia harufu hiyo hiyo, kumbe chanzo kilikuwa uwatu wa mama. Swali moja kwa mama lingeondoa hofu hiyo yote, na kwa upande mwingine, ugonjwa huo ukiwepo kweli, hautakiwi kupuuzwa kwa kudhaniwa kuwa ni uwatu.

Nisipogusia matangazo ya kuongeza makalio, matiti na nguvu za kiume, wasomaji watasema nimekwepa. Madai hayo yamepata mbawa kwa sababu uwatu una kiambato kiitwacho diosgenini, ambacho viwanda vya dawa vimewahi kukitumia kama malighafi ya kutengenezea homoni. Wauzaji hukomea hapo. Hawasemi kwamba kazi hiyo hufanywa na kemikali kiwandani kwa hatua kadhaa, na kwamba mwili wa binadamu hauna uwezo wa kuifanya. Diosgenini uliyoimeza haigeuki kuwa homoni ya kike wala ya kiume ndani yako. Binti anayenenepa baada ya kunywa uwatu uliochanganywa na maziwa, asali na karanga kila usiku amenenepeshwa na maziwa, asali na karanga. Wanaoulowesha na kuupaka kwenye nywele siwazungumzii. Huo ni urembo, na nywele zikilainika ni faida yao, mradi ngozi ya kichwa haiwashi.

Kuwasha kwenyewe si jambo dogo. Kwa kuwa uwatu ni wa ukoo mmoja na karanga na dengu, mtu ambaye mwili wake hukataa karanga anaweza kuukataa uwatu pia, akavimba midomo au kubanwa na pumzi, na unga wake unaporuka hewani wakati wa kusaga unaweza kumletea shida hata asiyeula. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, naye asiuguse kwa kiwango cha dawa bila kumwambia daktari, kwa sababu zimewahi kuripotiwa hali za damu kuwa nyepesi kupita kiasi kwa watumiaji wa vyote viwili. Hata kwa vidonge vya kawaida ni busara kuacha saa moja au mbili kati ya kidonge na kikombe cha uwatu, kwa kuwa ule mtelezo unaoichelewesha sukari unaweza kuchelewesha na dawa.

Upo pia usafi. Mwaka 2011 Ujerumani ilikumbwa na mlipuko mkubwa wa kuhara damu uliosababishwa na bakteria aina ya E. coli, ambao uliwaambukiza karibu watu 4,000 na kuua zaidi ya 50, wengine wengi wakiharibika figo. Wachunguzi walipofuatilia walikuta chanzo chenye uwezekano mkubwa ni machipukizi mabichi ya uwatu, yaliyooteshwa kutokana na mbegu zilizoagizwa kutoka Misri. Mbegu zilionekana safi kwa macho, na joto na unyevu wa kuoteshea ndivyo vilivyowazidisha wadudu. Ninapowaona watu hapa wakiloweka uwatu usiku kucha katika maji ya bomba yasiyochemshwa na kuunywa asubuhi ukiwa mbichi, au wasagaji wakiuanika kwenye turubai kando ya barabara yenye vumbi, huukumbuka mkasa huo. Kuukaanga au kuuchemsha kunapunguza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa.

Sheria haikosekani. Tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, iliyoanzisha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na usimamizi wa usalama wa chakula ulihamia Shirika la Viwango Tanzania mwaka 2019, wakati iliyokuwa TFDA, yaani Mamlaka ya Chakula na Dawa, ilipogeuzwa kuwa TMDA na kubaki na dawa na vifaa tiba. Lakini pakiti ya uwatu hupita katikati ya milango hiyo. Akija mkaguzi wa chakula, muuzaji husema ni dawa ya asili; akija mkaguzi wa dawa, husema ni kiungo cha pilau. Mbele ya mteja, pakiti hiyo hiyo hutibu kisukari, presha, uvimbe wa kizazi na ugumba. Ningependekeza kigezo kiwe maneno yaliyoandikwa au yanayotangazwa kwa kipaza sauti: neno “hutibu” likishatamkwa, bidhaa ihesabiwe kuwa dawa siku hiyo hiyo, na aliyelitamka aonyeshe usajili wake. Kigezo hicho hakihitaji maabara. Afisa afya wa kata mwenye masikio anaweza kukisimamia.

Kwa wenzetu wa kliniki za wajawazito na za kisukari, ombi langu ni dogo zaidi: swali moja lililo wazi, liulizwe kwa sauti ya kawaida, kwamba ni mitishamba na viungo gani mtu anavyotumia nyumbani na kwa kiasi gani, na jibu liandikwe kwenye kadi. Taasisi ya Tiba Asili iliyopo Chuo Kikuu cha Muhimbili ina wataalamu wanaoweza kuwaandalia wauguzi wetu karatasi ya kurasa mbili kuhusu mitishamba inayotumika sana, uwatu ukiwemo, kwa lugha inayosomeka.

Na kwa kuwa nimewataja wakulima kwa viazi vyao, niongeze hili hata kama linaonekana kutoka pembeni. Uwatu hustawi penye ubaridi na hutaka ukavu unapokomaa, hali ambayo vinyungu, yaani bustani za mabondeni, vya Iringa na Njombe huwa nayo mvua zinapokwisha mwezi Mei. Kwa kuwa ni jamii ya kunde, mizizi yake hunasa naitrojeni na kuirutubisha ardhi kwa zao linalofuata. Watafiti wa TARI Uyole, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, wangeweza kuujaribu katika vipande vidogo kabla mfanyabiashara yeyote hajawapelekea wanavijiji ahadi za utajiri. Tumeshaona mazao ya ahadi. Uwatu uliolimwa hapa ungeuzwa ukiwa mpya, mzima, na mnunuzi angejua shamba ulikotoka.

Wakati wahusika wanatafakari, mimi sioni sababu ya kusubiri. Katika kila pakiti ya uwatu inayotoka mezani kwangu sasa ninatia karatasi yenye maneno haya: “Uwatu, kiungo cha chakula. Kijiko kimoja cha chai kinatosha sufuria ya watu sita. Mjamzito asiunywe kama dawa. Anayetumia dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda, na anayedhurika na karanga, amuulize kwanza mhudumu wa afya. Asipewe mtoto mchanga.” Karatasi hiyo huichapishia katika duka la huduma za kompyuta karibu na soko, na mfanyabiashara yeyote wa Mwanjelwa, Uyole au Mbalizi anayependa kuitumia anaweza kuja kuichukua bila malipo, aondoe jina langu na kuweka lake.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Muuza viungo,
Mwanjelwa, Mbeya